Aliyeona Amebaki Nje

Umepita pale. Usiniambie hukupita. Umepita na begi lako la shule mgongoni, ukawaona watu wamejazana kwenye geti la hospitali, wengine wamekaa juu ya mawe meusi, wengine wamekumbatia vitenge na thermos za wagonjwa wao. Na wewe ukageuza uso upande wa barabara, kana kwamba huko kulikuwa na kitu cha kuangalia. Mama yako naye aligeuza uso. Mwalimu wako pia. Mimi nakumbuka. Mwaka ule lava ilipokata mji wa Goma katikati, tulibeba wagonjwa wetu mgongoni, na aliyembeba mgonjwa ndiye aliyemwambia muganga kilichompata. Hakuna aliyeuliza nani ana heshima ya kuingia na nani abaki nje. Tumesahau upesi mno.

Leo hutageuza uso. Kaa, nikuambie ya Niyigena.

Niyigena alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita, wa mtaa wa Mapendo. Kila Jumamosi kazi zake zilikuwa zilezile. Anaamka, anashika bidoni mbili za njano, anapanga foleni ya maji pamoja na wenzake. Akirudi anafagia uwanja, anawasha makala, ule mkaa wa jikoni, anabandika maharagwe. Na wakati wote huo jicho moja liko kwa mdogo wake Habineza, aliyekuwa na miaka sita na aliyeitwa Habi na mtaa mzima, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeshamfukuza mahali fulani.

Jumamosi hiyo mama yao, Mama Emerance, alikuwa katika mji wa Kiwanja. Alikwenda kununua maharagwe ya kuuza Goma. Baba yao, Papa Sibomana, alikuwa mwashi, na siku hiyo alikuwa akijenga ukuta wa mawe huko Murara. Nyumbani walibaki watoto wawili na sufuria.

Karibu na nyumba yao kuna mteremko. Juu ya mteremko jirani mmoja alikuwa ameegesha chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wetu hubebea viazi, makala, hata vitanda. Haikuwa na mzigo. Kijana mmoja aliyeitwa Carlos aliipanda, akamweka Habi mbele yake, na wakaachia.

"Niyi! Niangalie! Niko dereva!" Habi alipiga kelele.

Niyigena aliinua kichwa kutoka kwenye makala. Aliiona chukudu ikishuka, ikigonga jiwe, ikipinduka. Carlos alianguka juu ya mchanga. Habi alirushwa pembeni, kichwa chake kikagonga ukuta wa mawe. Niyigena alisikia kile kishindo.

Alikimbia. Habi alikuwa ameketi chini, macho yamemtoka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka.

"Umeona vile tulikimbia?"

"Nyamaza. Leta kichwa." Niyigena alipitisha vidole katika nywele zake. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa pamevimba, laini kama nyanya iliyoiva. Damu haikutoka. Aliweka kitambaa cha maji baridi, akamkalisha mlangoni. Habi alikula uji, akadai mwingine, akarudi kucheza. Ungekuwa wewe, ungesema imekwisha. Hata Niyigena alisema imekwisha.

Baadaye, maharagwe yakiwa karibu kuiva, Habi alikuja akijishikilia ukutani. "Niyi, kichwa kinaniuma." Akatapika uji wote. Akalala palepale kwenye mkeka. Niyigena alipomtikisa, alifungua jicho, akalifunga tena bila kusema neno, na huyo ni mtoto ambaye hata usingizini huongea.

Niyigena alikimbilia barabara ya nyuma, kwa shangazi yake.

Shangazi Nyiransabimana ndiye dada mkubwa wa Papa Sibomana, na tena kiongozi wa akina mama kanisani. Akiingia mahali, watu humwachia kiti. Ndiye aliyepatanisha harusi tatu za ukoo, ndiye huongea kwenye matanga. Ni mwanamke mwenye moyo, nakuambia, si mtu mbaya. Alikuja mbio bila hata kuvaa viatu. Akagusa paji la uso la Habi.

"Amechemka. Anatapika. Hii ni malaria."

"Tantine, alianguka asubuhi. Chukudu ilimutupa. Alipiga kichwa hapa..."

"Batoto bote banaanguka, Niyigena! Kama kuanguka ingekuwa ugonjwa, wewe ungekuwa umekufa zamani. Beba mutoto. Ita moto."

Walipanda hiyo moto, pikipiki ya kukodi, shangazi nyuma ya dereva, Niyigena nyuma ya shangazi, Habi amebanwa katikati yao kama mzigo wa majani ya sombe. Njiani kichwa chake kiligonga bega la Niyigena kila shimo, na hakulalamika. Hilo ndilo lililomtisha.

Jina la hospitali sitalitaja. Unalijua lako, weka hilo. Getini alikuwepo mlinzi aliyeitwa Benny, mwenye filimbi shingoni na rundo la jetoni za plastiki za kuingilia mkononi. Sheria yake ilikuwa moja: mgonjwa mmoja, jetoni moja, garde-malade mmoja. Garde-malade ni yule ndugu anayeingia na mgonjwa, anayemlisha, anayemgeuza kitandani, anayetumwa famasi, na zaidi ya yote anayejibu maswali ya muganga. Papa Sibomana, aliyeitwa kwa simu, alikuwa amefika kutoka Murara, mikono bado nyeupe kwa simenti.

"Garde-malade ni nani?" Benny aliuliza.

Niyigena alinyoosha mkono. Ndiye aliyembeba Habi. Nguo yake ilikuwa na matapishi ya Habi.

"Wewe? We mutoto, nenda ucheze kamba." Benny alicheka. "Nataka mutu muzima."

Shangazi alichukua jetoni. Papa Sibomana alimpisha. Kwao dada mkubwa akishasogea mbele, hakuna wa kumrudisha nyuma. Na usiwacheke, maana kwenu pia ni hivyohivyo. Akiumwa mtu, mnatafuta mwenye heshima, mwenye suti, anayejua Kifaransa kidogo, mnamsukuma ndani. Hakuna anayeuliza: je, alikuwepo?

Geti likafungwa.

Ukuta wa chumba cha wagonjwa wa dharura una dirisha dogo lenye vyuma linalotazama nje. Hapo ndipo familia hukusanyika. Niyigena alipenya kati ya miguu na makoti mpaka akashika chuma. Aliona ndani: vitanda vimejaa, wengine wamelala wawiliwawili, na muuguzi mmoja tu, mama aliyeitwa Dorine, akitoka kitanda hiki kwenda kile bila kukaa. Aliona Habi amelazwa. Akasikia Dorine akiuliza, haraka haraka, kalamu mkononi:

"Alianza lini?"

"Leo asubuhi. Homa na kutapika."

"Alikula kitu? Alianguka?"

"Hapana, mama. Hakuanguka. Nimekuwa naye toka asubuhi."

Niyigena alishika vyuma kwa mikono miwili. "Alianguka!" alipiga kelele. "Mama infirmiere! Alianguka, kichwa!"

Lakini nani angemsikia? Pembeni yake mtu alikuwa akiita, "Igihozo! Igihozo iko aje?" Mwingine aliita, "Muzee yangu mulimupeleka wapi?" Mwanamke mmoja aligonga vyuma kwa sahani. Wote pamoja, kwa nguvu, na ndani zilifika kelele tupu. Dorine alikuja dirishani, uso umechoka, akasema, "Munataka nifanye kazi ao nifanye redio?" Akafunga kioo.

"Unaona sasa?" Benny aliwaambia watu. "Munamuchokoza, anafunga."

"Na wewe ungefungua mudomo utuambie kitu, hatungelia!" alijibu kijana mmoja. Aliitwa Fortunat, dereva wa pikipiki mwenye koti la kung'aa. "Toka asubuhi niko hapa. Muke yangu Igihozo aliingia bila kuongea. Hata mutu mumoja hajaniambia kama anapumua. Hata mbuzi ya mutu wanaichinja wakimwambia mwenyewe!"

"Mimi ni wa geti, ndugu. Si wa kupumua."

Watu walicheka kicheko kibaya, kile kinachotoka wakati machozi yamekosa nafasi.

Sasa nikuulize. Ni kazi kiasi gani kusema, "Igihozo anapumua, tunamwangalia, ngojeni"? Sentensi moja. Haihitaji umeme, haihitaji mfadhili, haihitaji mashine kutoka ng'ambo. Nimesikia sababu zote kwa miaka yote: vita, upungufu, wingi wa watu. Nyingine ni za kweli. Muuguzi mmoja kwa chumba kizima ni aibu, na aibu hiyo si ya muuguzi, ni ya waliompanga peke yake. Lakini hakuna vita vinavyomzuia mtu kumwambia mwenzake kama ndugu yake yu hai.

Geti lilifunguka kidogo. Shangazi alitoka mbio, katumwa famasi ya ng'ambo ya barabara kuleta serumu, maji ya dripu. Niyigena alimrukia.

"Tantine! Umesema hakuanguka!"

"Shh! Watu wanasikia."

"Lakini alianguka. Waambie wamuangalie nyuma ya sikio."

Shangazi aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Nitasema nini sasa? Kwamba mutoto wa ndugu yangu anapanda chukudu na wahuni, mama yake iko Kiwanja? Nilishasema nilikuwa naye. Nirudi niitwe muongo mbele ya wagonjwa wote? Wanapima malaria. Ngoja majibu."

"Papa!" Niyigena alimgeukia baba yake.

Papa Sibomana aliangalia simenti kwenye mikono yake. "Dada, mutoto anasema..."

"Sibomana, unanifundisha?"

Shangazi akavuka barabara. Niyigena alikaa chini juu ya jiwe na kulia kwa hasira, ngumi kwenye magoti.

"Wee dada kadogo," Fortunat alisema, "kulia haifungue dirisha. Mimi nililia kabla yako, unaona kioo kimefunguka?"

"Mimi nilimuona akianguka," alisema Niyigena. "Mimi. Tantine hakuwepo. Na yeye ndiye anajibu."

Fortunat alitaka kutania tena. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Halafu kitu kikamsimamisha. Aliangalia geti, akaangalia dirisha.

"Ngoja," alisema polepole. "Ndani na muke yangu kuko kaka yangu mukubwa. Yeye ni mwalimu, tukasema aingie. Yeye analala Murara. Igihozo iko na sukari. Asubuhi alijichoma dawa yake na hakukula kitu, mimi nilimuona. Kaka hajui hiyo. Hajui hata kama ana sukari!" Akasimama juu ya jiwe. "Ee batu! Sikilizeni! Nani hapa alikuwa na mugonjwa wakati alianza kuumwa? Inueni mukono."

Mkono mmoja ukainuka. Kisha mwingine. Kisha wa yule mwanamke mwenye sahani. Karibu kila mtu aliyekuwa dirishani aliinua mkono. Walitazamana. Wote walioona walikuwa nje. Ndani walikuwa wenye suti, wenye vyeo, na wakwe wa kuheshimiwa, wakijibu maswali wasiyoyajua.

"Mungu wangu," alisema mwanamke mwenye sahani.

"Sasa tuite kwa nguvu!" mmoja alisema.

"Hapana!" Niyigena aliruka. "Tukiita wote, anafunga. Tunyamaze. Tunyamaze wote, mutu mumoja aseme."

"Aanze yeye," alisema Fortunat. "Mutoto ya watu hawezi kungoja. Benny, na wewe tia filimbi mufukoni."

Wakanyamaza. Si rahisi kwa mtu mwenye hofu kunyamaza, jaribu siku moja uone. Mwanamke aliweka sahani kifuani. Mzee mmoja aliziba mdomo kwa kofia yake. Pale ambapo siku zote pana makelele, pakasikika pikipiki za barabarani tu.

Na Dorine akaja. Alifungua kioo kwa haraka, uso una wasiwasi, maana alizoea kelele na ukimya ulimshtua. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mama infirmiere," alisema Niyigena, ameshika vyuma, kila neno limenyooka. "Habineza, mutoto wa kitanda cha mwisho. Alianguka kutoka chukudu asubuhi. Alipiga kichwa kwenye ukuta wa mawe. Alicheka, alikula, halafu kichwa kilimuuma, alitapika, akalala. Kumevimba nyuma ya sikio la kuume. Mimi nilimuona. Tantine hakuwepo."

Dorine aligeuka, akaenda kitanda cha mwisho, akaingiza vidole katika nywele. Niyigena alimwona akisimama kidogo. Kisha akaita, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia siku nzima: "Dokta Buhendwa! Hapa! Sasa!"

Daktari alikuja, akafungua macho ya Habi, akamulika tochi. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine. "Damu inakusanyika ndani ya kichwa," alisema. "Anapelekwa kupasuliwa. Tusingoje majibu ya malaria."

Kitanda kikasukumwa. Shangazi alirudi akiwa na serumu mkononi, akakuta nafasi tupu pale alipomwacha mtoto. Alimtazama Niyigena kupitia vyuma. Sikuambii alivyoonekana.

Dorine alirudi dirishani. "Wa pili."

"Igihozo," alisema Fortunat. "Sukari. Alijichoma bila kula." Muuguzi aliondoka akikimbia. Baada ya muda mfupi mlango ulifunguka na kaka yake mwalimu akatoka, kichwa chini, akampa jetoni. Igihozo alikuwa ameamka, ameomba maji.

Walikwenda mmoja mmoja. Kwa yule mzee mwenye kofia ilikuwa imechelewa. Mkewe alikuwa ametapika damu tangu jana yake, na aliyeingia naye alisema tumbo linamuuma tu. Mzee alisema yote, vizuri, kwa utaratibu, na Dorine akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka nje kabisa, akamshika mikono na kumwambia ukweli. Nakumbuka mikono hiyo. Na wewe ikumbuke.

Kesho yake mchana Mama Emerance alifika kutoka Kiwanja, vumbi la njia bado kwenye nywele. Alimkuta Habi amefungwa bendeji kichwa kizima, akidai uji. Daktari Buhendwa alikuwepo, na Dorine aliyekuwa akimaliza zamu, na shangazi aliyekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kiti ambacho hakuna aliyemwachia.

"Emerance," shangazi alianza, "nisamehe. Muuguzi aliniuliza, na neno 'sijui' lilinishinda. Niliona aibu. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kumupoteza mutoto."

Mama Emerance aliweka mkono kwenye bendeji ya Habi. "Dada, ulikimbia bila viatu kwa ajili yake, nimeambiwa. Hiyo sitasahau. Ile ingine pia sitasahau." Kisha akamgeukia muuguzi. "Na ninyi, mama. Binti yangu alipiga kelele hapo dirishani, mukafunga kioo."

"Niko mumoja, mama. Ona vitanda."

"Naona. Kwa hiyo sema na sisi, tukusaidie. Kama ungetoka mara moja, neno moja tu, ungepata watu wa kukusaidia kumi, si kelele kumi."

Dorine aliinamisha kichwa. "Jana nilijifunza hivyo. Kwa zamu yangu, jetoni ni ya aliyeona. Na nitakuwa ninatoka kuongea na familia."

"Na zamu zingine?" aliuliza Niyigena.

Daktari alikohoa.

Mama Emerance alimvuta binti yake karibu. "Sikia, Niyigena, na Habi ukikua utasikia pia. Kusema 'sijui' ni ukweli, na ukweli ni dawa ya kwanza inayoingia kwa mugonjwa. Heshima tutaipeana kanisani na kwenye harusi. Mbele ya muganga, anayeongea ni aliyeona, hata kama ni mutoto. Na mukubwa asiyeona amusukume mutoto mbele, asimufiche nyuma."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nenda umuonyeshe shangazi yako ulikogusa. Anataka kujua."

Shangazi aliinama juu ya kitanda, na Niyigena akaongoza kidole chake taratibu hadi karibu na bendeji, nyuma ya sikio. Habi akafungua jicho. "Tantine, unanichekesha," alisema.

Hiyo ni zamu ya Dorine. Zamu nyingine, kioo bado kimefungwa. Nilipita jana, sikugeuza uso: watu wamejaa, wanapiga kelele, na ndani mwenye suti anajibu asichokijua. Basi funga kitabu hiki sasa hivi. Usingoje mtu aumwe. Waite wa nyumbani kwenu leo, kabla ya kula, wakubwa kwa wadogo, mkubaliane kwa sauti kwamba aliyeona ndiye atakayeingia. Halafu mwambie mwalimu wako awapeleke darasa zima kwenye geti lile, mkasimame kimya mbele ya dirisha mpaka lifunguliwe. Simama. Nenda.